Ndugu yako amekamatwa na polisi England: hatua kwa hatua, saa kwa saa

Simu zikilia usiku, maswali ni yale yale. "Wamemchukua mwanangu, wanaweza kumkalisha ndani siku ngapi? Nipeleke shilingi ngapi? Wakili nitamlipa na nini?" Nimeyajibu mara nyingi mno, nusu ya majibu yakipotea kwa sababu mwenye simu analia na hana kalamu. Kwa hiyo nayaandika hapa.

Mwongozo huu unahusu England na Wales peke yake. Uskoti ina sheria yake: huko muda wa kawaida kabla ya mashtaka ni saa 12, na unaweza kuongezwa hadi 24. Ireland ya Kaskazini nayo ina ya kwake. Mimi si wakili, na maandishi haya hayashiki nafasi ya wakili. Yatakusaidia kujua umwombe nini, na umwombe lini.

Kitu cha kushika tangu mwanzo ni saa. Chini ya Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya 1984, ambayo kila mtu anaiita PACE, hakuna saa ya mtu kukaa korokoroni isiyo na mwenyewe. Kila kipindi kina afisa wa cheo fulani anayepaswa kukitolea sababu na kuiandika. Sababu isipokuwepo, au kipindi kikipita bila kuongezwa, ndugu yako anashikiliwa kinyume cha sheria. Kazi yako kubwa usiku huo ni kujua saa zinasemaje.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usitegemee simu, itaishiwa chaji saa nane za usiku.
- Jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti au kadi yake, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Sisi wenye majina matatu huandikwa ovyo: jina la babu linawekwa la kwanza, ukipiga simu unaambiwa hayupo. Taja majina yote kwa mpangilio zaidi ya mmoja.
- Saa na mahali alipokamatwa, na namba iliyo begani mwa askari kama kuna aliyeiona.
- Orodha ya dawa anazotumia na maradhi aliyonayo: kisukari, pumu, kifafa, msongo wa akili.
- Kiswahili chake ni kipi. Nitalieleza hili katika hatua ya 4.
- Anwani ambayo anaweza kulala akipewa dhamana, hasa kama ugomvi umetokea nyumbani kwake.
- Namba 101, ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura.

Tahadhari ndogo yenye madhara makubwa: andika saa kwa mtindo wa saa 24. Shangazi akipiga kutoka Mombasa na kusema "alichukuliwa saa mbili", wewe unajua ni 20:00. Wakili akitafsiriwa neno kwa neno ataandika 02:00, na hesabu yote itaharibika.

Hatua ya 1: Pale anapokamatwa

Askari anaweza kumkamata mtu bila hati ikiwa ana sababu za msingi za kumshuku kwa kosa, na pia ikiwa kumkamata ni lazima kwa mojawapo ya sababu zilizotajwa na sheria, kwa mfano kuzuia mtu kuumizwa au kuwezesha upelelezi wa haraka. Masharti yote mawili yawepo. Aliyekamatwa aambiwe kwamba amekamatwa na aambiwe ni kwa nini, ama papo hapo au mara tu inapowezekana.

Ukiwepo, uliza mambo mawili kwa utulivu: amekamatwa kwa kosa gani, na anapelekwa kituo gani. Andika majibu. Usimvute mkono, usisimame mlangoni kuziba njia. Kumzuia askari kazini ni kosa, na familia haihitaji watu wawili ndani usiku mmoja.

Hatua ya 2: Aombe wakili kabla ya jambo lingine lolote

Akipiga simu, sentensi ya kwanza umwambie hii: "Omba wakili, na usihojiwe kabla hajaja." Wakili wa kituo cha polisi ni bure kwa kila mtu. Hawaulizi mshahara, hawaulizi viza. Kama hana wake, aseme anataka "duty solicitor", yaani wakili wa zamu, ambaye anapatikana usiku na mchana. Hata anayeitwa kuhojiwa kwa hiari bila kukamatwa ana haki hiyo, na anaweza kuondoka isipokuwa akamatwe palepale.

Familia nayo inaweza kumpata wakili na kumtuma kituoni. Akifika, polisi wanapaswa kumwambia aliye ndani kwamba wakili amekuja na kumuuliza kama anataka kumwona, hata kama awali alikataa.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mtu kukubali kuhojiwa peke yake kwa sababu anadhani akimngoja wakili atachelewa kutoka, au ataonekana ana hatia. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Samuel, ilisema haki ya kumwona wakili ni mojawapo ya haki za msingi kabisa za raia. Sababu ya kivitendo ni kubwa vilevile: wakili anaruhusiwa kuiona rekodi ya mahabusu ("custody record", maandishi ya kituo yanayoonyesha kila kilichofanywa kwake na saa zake) akiwa palepale kituoni. Wewe ukiwa nje huruhusiwi. Bila wakili, hakuna wa upande wenu anayeziona zile saa.

Polisi wanaweza kuchelewesha haki hii katika makosa mazito tu, kwa idhini ya mrakibu (superintendent) au aliye juu yake, kwa sababu maalumu zinazoandikwa, na si zaidi ya saa 36. Ni nadra.

Hatua ya 3: Mezani kwa afisa wa mahabusu

Akifikishwa kituoni hupelekwa mbele ya afisa wa mahabusu, ambaye ni sajenti au zaidi na hapaswi kuwa sehemu ya upelelezi wa kesi hiyo. Afisa huyu anajiuliza kwanza kama ushahidi unatosha kumshtaki. Kama hautoshi, anaweza kumzuia tu ikiwa ni lazima ili kupata au kulinda ushahidi, pamoja na ule wa kumhoji. Sababu hizo aziandike mbele ya mwenyewe. Zisipokuwepo, amwachie.

Hapo mezani ndugu yako aseme wazi:

- anataka wakili;
- anataka mtu fulani ajulishwe kwamba yuko hapo;
- anataka mkalimani;
- ana ugonjwa huu, anatumia dawa hii;
- kama si raia wa Uingereza, anataka au hataki ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Aliyekimbia nchi yake kwa kuhofia serikali asione haya kusema hataki.

Aliye chini ya miaka 18, au mtu mzima mwenye udhaifu wa akili au wa kuelewa, lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia: mzazi, mlezi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii au mwingine anayefaa. Mzazi, ukiitwa kwa kazi hiyo, usikae kama mgeni msibani. Uko pale kuhakikisha mtoto anaelewa na anatendewa haki, na wewe pia una ruhusa ya kuiona rekodi ya mahabusu na kumwombea wakili.

Hatua ya 4: Mkalimani wa Kiswahili chake

Mkalimani ni bure. Hata anayejua Kiingereza cha dukani amwombe, kwa maana Kiingereza cha "nisaidie mkate" si cha kueleza nani alianza kupiga. Kijana wako asiwe mkalimani wa baba yake, wala rafiki aliyekuwepo kwenye tukio.

Polisi wakiandika "Swahili" wanadhani wamemaliza. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kuletewa mkalimani wa Dar es Salaam wakaishia kukisiana, na mzee Mbajuni wa visiwa vya Somalia vilevile. Aseme mapema anatoka wapi na anazungumza lugha gani nyumbani. Mkiwa mmeanza na haelewi, asiitikie kwa adabu. Aseme haelewi, na wakili aombe malalamiko hayo yaandikwe. Sababu za kumzuia na maelezo ya mashtaka ni miongoni mwa mambo anayopaswa kutafsiriwa.

Hatua ya 5: Hesabu saa

Saa za kikomo huanza, kwa kawaida, pale anapofika kituoni. Zile za mapitio, yaani afisa kuangalia upya kama bado kuna sababu ya kumzuia, huanza pale afisa wa mahabusu anapoidhinisha azuiwe. Ni hesabu mbili tofauti, na wengi huzichanganya.

Tuseme amekamatwa Jumatatu 20:00, kafika kituoni 20:40, kuzuiwa kumeidhinishwa 21:05.

- Mapitio ya kwanza: kabla ya 03:05 Jumanne, yaani ndani ya saa 6 tangu idhini.
- Mapitio ya pili: ndani ya saa 9 baada ya hayo, yakifanywa 03:05, basi kabla ya 12:05. Kisha kila baada ya muda usiozidi saa 9.
- Saa 24: Jumanne 20:40. Hapo ashtakiwe au aachiwe.
- Saa 36: Jumatano 08:40. Ili kufika hapa, mrakibu au zaidi lazima awe ameidhinisha kabla ya saa 24 kuisha na baada ya mapitio ya pili, na kosa liwe lile linaloweza kwenda Mahakama ya Crown, iliyo juu ya mahakama ya mahakimu.
- Zaidi ya hapo: mahakimu tu. Ndugu yako apelekwe mbele yao, apewe nakala ya maombi ya polisi, awe na wakili. Polisi waonyeshe kwamba upelelezi unaendeshwa kwa bidii na haraka.
- Mwisho kabisa: saa 96, Ijumaa 20:40. Hakuna hakimu anayeweza kuvuka hapo kwa kosa la kawaida.

Akipelekwa hospitali, muda wa kwenda, kukaa na kurudi hauhesabiwi, ila ule anaohojiwa huko. Akiachiwa kwa dhamana na kurudi baadaye, hesabu inaendelea pale ilipoishia. Ugaidi una utaratibu wake chini ya sheria ya mwaka 2000, ambako muda unaweza kufika siku 14 kwa kibali cha mahakama.

Hatua ya 6: Tumia kila mapitio

Kabla ya mashtaka, mapitio hufanywa na mkaguzi (inspector) au zaidi asiyehusika na upelelezi. Aliye ndani au wakili wake ana nafasi ya kutoa hoja, isipokuwa awe amelala. Familia nyingi hazijui kwamba hapa kuna mlango. Mpe wakili vitu vya kusema: mtoto yuko peke yake nyumbani, simu yake mmeshaichukua hivyo ushahidi uko salama, shahidi mnayemtaka anapatikana kesho tu, basi kwa nini alale hapa? Hoja ikikataliwa, inaandikwa, na maandishi hayo yatakufaa baadaye.

Katika saa 24 anapaswa kupata angalau saa 8 mfululizo za kupumzika, kwa kawaida usiku, milo miwili myepesi na mmoja kamili. Kama hali nguruwe au amefunga Ramadhani, aseme.

Hatua ya 7: Mahojiano

Atasomewa onyo: halazimiki kusema lolote, lakini asipotaja sasa jambo atakalolitegemea mahakamani baadaye, hilo linaweza kudhuru utetezi wake, na atakachosema kinaweza kutolewa ushahidi. Kunyamaza au kujibu ni uamuzi wa kufanya na wakili, faraghani. Usimshauri wewe kwa simu. Mazungumzo ya korido na askari mpole anayeleta chai nayo ni maneno yanayoweza kuandikwa.

Hatua ya 8: Akitoka bila mashtaka

Uliza ametoka kwa njia ipi: kesi imefungwa, dhamana ya polisi, au upelelezi unaendelea bila masharti. Dhamana ya polisi kabla ya mashtaka, tangu Oktoba 2022, ni miezi 3 kwa kuanzia. Mkaguzi anaweza kuifikisha miezi 6, mrakibu 9, na baada ya hapo mahakama. Soma masharti na uyabandike ukutani. Likisema asiwasiliane na mlalamikaji, basi hata ujumbe wa pole kupitia shemeji ni kuvunja sharti.

Hakuna pesa inayolipwa kaunta ili atoke. Najua tulikotoka. Hapa kumpa askari pesa ni kosa jipya la jinai, na anayekupigia akidai "ada ya kumtoa" ni tapeli.

Hatua ya 9: Akishtakiwa

Afisa wa mahabusu anapaswa kumwachia, kwa dhamana au bila, isipokuwa kuna sababu za kisheria za kumzuia. Akizuiwa, apelekwe mahakama ya mahakimu haraka iwezekanavyo na si baada ya kikao cha kwanza kinachofuata. Jumapili, Krismasi na Ijumaa Kuu hazihesabiwi. Mtoto aliyenyimwa dhamana, kwa kanuni, apelekwe makazi ya halmashauri na asilale korokoroni.

Mahakamani, Sheria ya Dhamana ya 1976 inaanza na haki ya kupata dhamana. Hoja kuu za kuinyima ni sababu nzito za kuamini kwamba atatoroka, atatenda kosa lingine, au atavuruga mashahidi. Kwa hiyo mletee wakili majibu yenye ushahidi: anwani na mwenye nyumba aliye tayari, barua ya kazi, pasipoti ya kukabidhi, kituo cha polisi anachoweza kuripoti. Kosa la mauaji ni tofauti: dhamana hutolewa na jaji wa Mahakama ya Crown tu.

Mdhamini huahidi kiasi cha pesa na huwajibika mtuhumiwa asipofika. Wapo wanaotakiwa kuweka amana kabisa. Na hapa nawaomba wana jumuiya msikie: msimwahidi mdhamini kwamba "akikimbia tutachanga tukurudishie". Makubaliano hayo ni kosa la jinai kwa anayeahidi na kwa mdhamini. Changieni nauli, chakula cha watoto na kodi ya nyumba.

Dhamana ikikataliwa, mahakama itoe sababu. Wakili ana nafasi ya kuomba tena kwa hoja kamili katika kikao kinachofuata, kisha kwenda kwa jaji wa Mahakama ya Crown. Baada ya hapo patahitajika jambo jipya, kwa hiyo msiharakishe kuomba kabla anwani haijapatikana.

Hatua ya 10: Hesabu siku za rumande

Rumande nayo ina kikomo. Kesi inayosikilizwa na mahakimu: siku 56, au 70 kwa baadhi ya makosa yanayoweza kwenda mahakama zote mbili. Kesi iliyopelekwa Mahakama ya Crown: siku 182, pamoja na zile alizokaa rumande kabla ya kupelekwa. Mtu akikutajia 238, anakumbuka kipindi cha korona, Septemba 2020 hadi Juni 2021. Kila shtaka lina hesabu yake, hivyo shtaka likiongezwa muulize wakili tarehe mpya.

Upande wa mashtaka ukitaka kuongeza muda, uombe kabla haujaisha, uonyeshe sababu njema na ya kutosha, na kwamba wenyewe umefanya kazi kwa bidii. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda. Mwezi mmoja kabla, mkumbushe wakili.

Mambo yakikwama

*Polisi hawaniambii yuko wapi.* Inawezekana kumjulisha mtu kumecheleweshwa kwa idhini ya mkaguzi (si zaidi ya saa 36), au yeye mwenyewe hataki ujue. Mtume wakili.

*Saa 24 zimepita.* Usigombe kaunta. Mpigie wakili aulize maswali matatu: saa za kikomo zilianza lini, nani aliidhinisha kuongeza, na saa ngapi. Jibu lisipokuwepo, adai aachiwe mara moja.

*Mapitio yalichelewa.* Muda huo unaweza kuwa kifungo kisicho halali, hata kama alikuwa amelala. Lakini ikionekana angezuiwa vilevile, fidia inaweza kuwa ya jina tu.

*Mahakimu wametoa dhamana lakini hajatoka.* Mwendesha mashtaka huenda amekata rufaa: alipaswa kutamka hapohapo mahakamani, kuleta maandishi ndani ya saa 2, na rufaa isikilizwe ndani ya saa 48, bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Akikosa hatua moja, rufaa inaanguka.

*Siku za rumande zimeisha na hakuna aliyeomba kuongezewa.* Ana haki ya dhamana, hata kama shtaka ni zito. Mahakama inaweza kuweka masharti. Wakili alipeleke jambo hilo mahakamani siku hiyohiyo.

*Polisi wamemwachia, uhamiaji wamemshika.* Hiyo ni sheria nyingine, isiyo na kikomo cha saa kama hiki. Tafuta wakili wa uhamiaji na muombe dhamana ya uhamiaji mbele ya baraza.

*Hakuna sababu, hakuna karatasi, hakuna anayejibu.* Kuna habeas corpus, ombi la dharura Mahakama Kuu ambalo humlazimisha anayemshikilia mtu kueleza uhalali wake. Sheria ya 1679 bado iko kazini. Hutumika mara chache, na ni kazi ya wakili.

*Ameshatoka, tunataka kudai.* Aombe nakala ya rekodi ya mahabusu. Ana haki nayo kwa miezi 12 tangu atoke. Kudai fidia ya kufungwa isivyo halali kuna miaka 6; kwa kutumia Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, mwaka 1. Kama kesi ya jinai bado inaendelea, amwonyeshe wakili wake rekodi hiyo kabla ya kupeleka malalamiko popote, kwa sababu atakachoandika kwenye malalamiko kinaweza kusomwa na upande wa mashtaka.